Maswali yenu ya MSX: gemu mlizosevu, nakala na betri zilizochoka

Barua za safari hii kuhusu MSX, kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980, karibu zote zinalilia jambo moja: gemu niliyosevu haipo. Nimechagua zenye faida kwa wengine pia. Wale mlioandika "haifanyi kazi, nisaidie" bila kutaja mashine, katriji wala maneno yaliyotokea kwenye skrini, barua zenu nimezisoma. Sina la kuzijibu.

Fundi, shikamoo. Nimeagiza FM-PAC, katriji ya MSX ya sauti na ya kuhifadhi gemu, kutoka Japani. Nitaonaje gemu zilizohifadhiwa ndani yake? Nahitaji kununua programu?

Marahaba. Hununui kitu. Washa mashine bila diski, ngoja BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine, itokee, andika CALL FMPAC kisha bonyeza Return. Programu ya kusimamia hifadhi imo ndani ya katriji yenyewe, Panasoft waliiweka tangu 1988. Ndani kuna SRAM, kumbukumbu inayoshikiliwa na betri, ya kilobaiti 8 iliyogawanywa vipande vinane vya baiti 1024, na kila gemu huchukua kipande kimoja au zaidi kulingana na tamaa yake.

Shida ni kwamba maandishi yote ni ya Kijapani, na hapo ndipo watu huangamiza mali. Mtu anabonyeza Return mara tatu kwa pupa, anafuta vipande, kisha ananiandikia kwamba katriji ni mbovu. Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya skrini kwa simu, uipeleke kwenye programu ya kutafsiri picha, usome kila mstari. Usilolielewa liache. Na ukikuta ndani hifadhi za mwenyewe wa zamani, zitolee nakala kwanza ndipo uzifute. Mtu aliyefika mwisho wa gemu mwaka 1989 amekuachia kazi ya miezi, na wewe unataka nafasi ya kujaribu dakika tano.

Betri ya PAC, iwe FM-PAC au PAC ya kawaida isiyo na chipu ya sauti, hudumu miaka mingapi?

Katriji hiyo ina umri wa kuwa na wajukuu, na wewe unaniuliza itadumu miaka mingapi? Pima leo. Betri hiyo ya duara ni ya volti 3. Mita ikikuonyesha chini ya 2.5, ibadilishe wiki hii.

Mpangilio ni huu. Kwanza toa nakala ya hifadhi zote, maana betri ikitoka na SRAM inasahau papo hapo. Pili, usilehemu moja kwa moja juu ya betri mpya. Betri ya lithiamu ikipata joto la pasi ya kulehemu hupasuka, na macho hayana spea. Nunua iliyokuja na miguu yake, au mwambie fundi redio akuwekee kishikizo ili safari nyingine ubadilishe kwa kidole. Tatu, anayekwambia abadilishe betri huku mashine imewashwa ili hifadhi zisipotee, mwache na mashine yake mwenyewe.

Natumia openMSX, emuleta inayoiga MSX kwenye kompyuta ya kisasa. Kwa nini nihangaike na SRAM na diski, wakati Alt+F8 inasevu popote nilipo?

Swali hili huja kila mara kwa sura mpya, na kila mara aliyeuliza hurudi baadaye akilia.

Alt+F8 haihifadhi gemu. Inahifadhi mashine nzima jinsi ilivyokuwa sekunde ile: prosesa, RAM, VRAM, chipu ya sauti, diski iliyokuwa ndani na lile dudu lililokuwa karibu kukumeza. Ni kitu kizuri, nami nakitumia kuruka sehemu ya kuchosha. Lakini faili hilo halitoki ndani ya openMSX. Huwezi kulipeleka blueMSX, emuleta nyingine, huwezi kulipeleka kwenye mashine halisi, na toleo la zamani la openMSX haliwezi kulisoma faili lililotengenezwa na toleo jipya. Hifadhi ya gemu yenyewe, iwe kwenye diski au SRAM, ni baiti chache ambazo gemu inazielewa popote itakapowashwa.

Kuna mtego mwingine ambao hukuuliza. Kwenye emuleta nyingi, hali hiyo ya papo hubeba na SRAM. Ukihifadhi ndani ya gemu leo jioni, kisha ukarudisha hali ya juzi, SRAM nayo yaweza kurudi juzi. Kazi ya leo imefutika na hakuna kengele iliyolia. Watu wanalaumu emuleta. Emuleta imefanya ulichoiagiza.

Kwa hiyo: unapoacha kucheza, hifadhi kwa njia ya gemu yenyewe, funga openMSX kwa utaratibu, kisha nakili folda inayoitwa persistent kwenda kwenye fleshi. Humo ndimo openMSX inaweka SRAM za katriji, kila katriji kwa jina lake. Ndiyo maana ukibadili FM-PAC ukaweka PAC ya kawaida, hifadhi zinaonekana kama zimepotea. Hazijapotea, zimo kwenye folda ya jirani.

Gemu inakataa kusevu, inasema diski imefungwa isiandikwe. Diski yenyewe ni faili tu, nitaifunguaje?

Umeiacha ndani ya zip. Itoe.

Naandika programu yangu ya kunakili hifadhi za PAC kwenda diski. Nikifanya PEEK, amri ya BASIC ya kusoma kumbukumbu, kuanzia 4000h napata takataka. Katriji imekufa?

Katriji ni nzima, na barua yako imenifurahisha kuliko zote, maana umejaribu kabla ya kuuliza.

Ukiwa ndani ya BASIC, eneo la 4000h hadi 7FFFh linakaliwa na ROM ya BASIC. Hizo takataka zako ni BASIC inajisoma yenyewe. PAC ipo kwenye anwani hizo hizo lakini katika sloti nyingine, na PEEK haijui kuvuka sloti. Itabidi uandike kipande kifupi cha lugha ya mashine ukiite kwa USR ya BASIC. Ndani yake tumia ruti za ROM ya mashine, RDSLT iliyoko 000Ch kusoma na WRSLT iliyoko 0014h kuandika: namba ya sloti kwenye rejista A, anwani kwenye HL, na kwa kuandika, thamani kwenye E.

Halafu kuna kufuli. SRAM ya PAC haifunguki mpaka uandike 4Dh kwenye 5FFEh na 69h kwenye 5FFFh. Waliiweka makusudi, ili programu iliyochanganyikiwa isimwage baiti juu ya hifadhi za watu. Ukishafungua, soma 4000h hadi 5FFDh: baiti 8190, kwa sababu mbili za mwisho ndizo kufuli. Ukimaliza, andika sifuri kwenye anwani hizo mbili ili uifunge tena. Wengi husahau kufunga, kisha wanashangaa. Na RDSLT na WRSLT zote zinakurudisha ukiwa umezimiwa interapti, kwa hiyo weka EI, amri ya kuziwasha tena, mwishoni, la sivyo kibodi itakunyamazia.

Ukimaliza programu hiyo, ianze kwa kusoma tu. Sehemu ya kuandika iongeze baadaye, ukishahakikisha nakala inalingana na asili baiti kwa baiti.

Nakala yangu kutoka openMSX ina baiti 8206. Kifaa changu kinataka 8190. Nikate wapi?

Mwanzoni. Baiti 16 za kwanza ni maandishi PAC2 BACKUP DATA. Fungua kwa kihariri cha heksa utayaona. Zitoe, na faili la asili usiliguse, fanyia kazi nakala.

Niko Maskat. Marehemu mjomba aliniachia Sakhr AX-170 yenye herufi za Kiarabu. PAC ya Japani itaingia?

Mungu amrehemu. Itaingia. Al Alamiah wa Kuwait, wenye jina la Sakhr, waliuza mashine za MSX halisi, na sloti ya katriji ni ile ile kila mahali. Ila AX-170 ni MSX ya kizazi cha kwanza, kwa hiyo gemu za MSX2 kama Metal Gear hazitawaka hata ukiwa na PAC kumi.

Sasa sikiliza ambalo hukuuliza, kwa sababu najua ukishaonja PAC utaagiza na mashine ya Kijapani. Mashine za Japani zinakula umeme wa volti 100. Maskat ukutani kuna 240, Dar es Salaam 230. Bila transfoma ya kushusha umeme utasikia harufu kabla ya kuona picha.

Diski za DD, zile za uwezo mdogo ambazo MSX huzitumia, zimeadimika. Naweza kuziba tundu la diski ya HD, ya uwezo mkubwa, kwa selotepu nikasevu humo?

Unaweza, na itakubali, na kwa muda itasoma. Utando wa sumaku wa HD si wa aina ile, kichwa cha MSX hakiandiki juu yake kwa nguvu inayotakiwa, na siku moja sekta zitaanza kutoweka. Kuchezea gemu sawa. Kuhifadhia usithubutu.

Game Master 2 yangu, katriji ya Konami ya kusaidia gemu zao, haioni gemu ya Konami.

Game Master iweke sloti 1, gemu sloti 2. Na zima mashine kwanza kabla ya kuchomoa.