Kampuni ya Reli Si Mfuko Wako

Maswali kuhusu michezo ya ubao ya reli na hisa, ile inayoitwa kwa majina ya miaka kama 1830, 1846 na 1889, yamekuwa mengi. Nimechagua haya matano.

Sisi nyumbani tumekulia kwenye Monopoli. Hii ya reli ina tofauti gani?

Kwanza, hakuna kete. Hakuna pia karata ya bahati ya kukuokoa wala kukuangusha; ukishindwa, umeshindwa na wenzako waliokaa nawe mezani. Mwingereza Francis Tresham alitoa wa kwanza, uitwao 1829, mwaka 1974, na mpangilio wake ndio unaofuatwa hadi leo. Kuna duru ya hisa, ambapo kila mchezaji ananunua na kuuza kwa fedha zake mwenyewe. Kisha zinakuja duru za kazi: kampuni zinatandika njia, zinaendesha treni na kununua nyingine kwa fedha za kampuni. Mwenye hisa nyingi kuliko wenzake ndiye mkurugenzi, na neno lake ndilo la mwisho.

Mchezo ukiisha, unahesabu fedha zako na thamani ya hisa zako, basi. Fedha zilizobaki kwenye kampuni si zako. Ndiyo maana unaweza kumiliki reli ndefu kuliko zote kwenye ramani na bado ukashika mkia. Wageni wengi wanachelewa kulielewa hili, na mimi huwaambia kabla hata sijafungua sanduku.

Tulicheza 1830. Kampuni yangu ilikuwa na treni mbili za namba 4 (yaani zinazofika miji minne kwa safari moja), inaingiza vizuri. Mwenzangu akanunua dizeli, treni zangu zikafutwa. Nikauza hisa zote nilizoruhusiwa kuuza, bado sikufikisha bei ya treni mpya, na mchezo ukaishia hapo. Hii ni haki?

Ni haki, na ukielewa kwa nini, utaupenda mchezo huu maisha yako yote.

Treni za 1830 zinauzwa kwa zamu, na idadi yake inajulikana tangu mwanzo: za namba 2 ni sita, za 3 ni tano, za 4 ni nne, za 5 ni tatu, za 6 ni mbili, kisha dizeli. Ya kwanza ya namba 4 ikinunuliwa, za 2 zinakuwa chuma chakavu. Ya kwanza ya 6 inaziua za 3. Dizeli ya kwanza inaziua za 4. Za 5 na 6 zinadumu mpaka mwisho. Kampuni yenye njia lazima iwe na treni. Ikikosa fedha, mkurugenzi anaongezea kutoka mfukoni mwake. Dizeli ni dola 1,100. Kama kampuni ina dola 90, deni la dola 1,010 ni lako wewe, hata kama hisa zako ni sita tu kati ya kumi.

Kwa hiyo zihesabu treni zilizobaki benki kila zamu. Ukiona za 5 zinakaribia kuisha na kampuni yako ina za 4 tu, una njia mbili. Unaweza kuzuia gawio (mapato wanayogawiwa wenye hisa) mapema ukaijaza kampuni fedha ya treni ya kudumu. Au unaweza kuuza hisa zako kwenye duru ya hisa mpaka ukurugenzi umwangukie mwenzako mwenye angalau asilimia 20, naye abaki na kampuni isiyo na kitu. Wapo wanaouona huo ni ukatili. Mimi naona aliyenunua asilimia 20 ya kampuni bila kuangalia ina fedha kiasi gani na treni zipi alishakubali kuibeba.

Gawio nitoe au nizuie?

Tuseme treni imeingiza dola 100. Ukigawa, kila hisa inapata dola 10; wewe mwenye sita unaweka 60 mfukoni, na bei ya hisa inapanda hatua moja. Ukizuia, zote 100 zinabaki kwenye kampuni na bei inashuka hatua moja. Mwanzoni gawa. Zuia unapojua fedha hiyo inakwenda kwenye treni ipi. Kuzuia kwa sababu ya woga tu kunakugharimu mara mbili, mfukoni na sokoni.

Nianze na ramani ipi?

Shikoku, kisiwa cha Japani, bila kusita. 1889 cha Yasutaka Ikeda kinafuata kanuni za 1830 karibu zote, ila kisiwa ni kidogo na kampuni ni saba tu. Milima ya katikati inakula fedha: Kochi iko kusini, Takamatsu na Matsuyama kaskazini, na kila kigae cha njia kinachowekwa mlimani kinadai yeni 80 za ziada. Utagundua haraka kwamba kampuni mbili dhaifu zikisukuma pamoja upande mmoja zinafika mbali kuliko moja yenye nguvu inayopigana na mlima peke yake.

1846 cha Tom Lehmann, cha Marekani ya kati, kina tabia nyingine kabisa. Katika 1830, hisa sita zikishanunuliwa kwa bei ya ufunguzi ya dola 100, benki inaipa kampuni dola 1,000 kamili. Katika 1846 kampuni inapata fedha ya hisa zilizouzwa tu. Bei pia haianguki kila mtu anapouza, bali mkurugenzi anapouza. Ugomvi wa sokoni unapungua, na kazi inakuwa kuvuka Chicago na kuunganisha mashariki na magharibi, kwa sababu njia hiyo ina nyongeza yake ya mapato.

Reli ya Mombasa hadi Kisumu inafaa kuwa mchezo wa aina hii?

Kwa ramani inafaa. Kwa hisa, hapana. Kampuni ya wenyehisa iliyopewa eneo hilo, Imperial British East Africa Company, ilishindwa kabla ya kujenga reli hiyo, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua. Reli iliyoanza Mombasa 1896 na kufika ziwani 1901 ilijengwa kwa fedha za umma. Hapakuwa na soko la kugombania.

Mbunifu wa michezo akiniuliza, nitamwelekeza Tanga. Kampuni ya Kijerumani ilianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893, ikaishiwa fedha Muheza, na mwaka 1899 serikali ikaichukua. Kanuni ya kuonyesha hilo ipo tayari. Katika 1856 cha Bill Dixon, cha Kanada, kampuni zinakopa benki, na treni ya kwanza ya namba 6 ikinunuliwa, zile zisizoweza kulipa madeni zinaunganishwa kuwa reli ya serikali, na wenyehisa wanabadilishiwa hisa zao. Weka kanuni hiyo kwenye milima ya Usambara, na mkurugenzi atakayefika Muheza hana kitu atakuwa na uamuzi mgumu wa kufanya: akope tena ili reli ifike Mombo, au auze hisa zake mapema.