Re: Deni la kadi ya Uingereza, wakusanya madeni wananiganda

Waalaykum salaam sheikh. Yaani weye ushahamia Unguja, kadi uliyoiacha London ina deni la zamani, saivi wakusanya madeni wanataka japo pauni 10 "kuonesha nia". Usitume kitu! Kwanza tafuta ulilipa lini mwisho, na muda wa default notice (barua ya benki kuwa umeshindwa kulipa) uliisha lini. England ikipita miaka 6 tangu muda wa barua hiyo uishe, hujalipa, hujalikubali kwa maandishi na hawajakushtaki, basi mahakamani hawalipati, ila ukitoa hata senti kabla ya 6 kutimia hesabu inaanza upya, ndo maana wamezing'ang'ania hizo kumi. Mie simu zao sikupokea, nliwajibu kwa imeili tu, silikubali deni, leteni mkataba na hesabu. Kama muda bado, toa ofa ya mkupuo (kulipa mara moja kiasi pungufu ya deni), anzia chini, na usilipe mpaka wakuandikie kuwa hapo ndo limekwisha lote.