Madogo mnaoanza kuchambua dansi za muvi za zamani, mwacheni Ruby Keeler apumue

Nimesoma kazi zenu za wiki hii kuhusu 42nd Street, ile muvi ya 1933 ambayo Ruby Keeler anaigiza binti Peggy Sawyer na kucheza tapu, dansi ya kugonga sakafu kwa viatu, nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Kila kundi jipya likija makosa ni yaleyale. "Anaangalia miguu." "Ni mzito." "Alibebwa na mume." Jamani wadogo zangu, nawapenda, ila mnanichosha. Naandika hapa mara moja, kundi lijalo nitawatumia hii hii wasome.

1. Peggy Sawyer sio Ruby Keeler. Peggy ni yule binti wa kwenye stori, mgeni mjini, hajui hili wala lile, staa anaumia kifundo cha mguu na yeye anasukumwa stejini usiku wa kwanza wa shoo. Nyie mnaandika kana kwamba ndo maisha yake Ruby. Huyu dada alizaliwa Dartmouth, Nova Scotia, huko Kanada, akapelekwa New York akiwa mdogo kabisa, na kufika 1923 alikuwa tayari kwenye korasi, yaani kundi la wacheza wa nyuma ya mastaa, kwenye shoo za jukwaani za Broadway, tena kwa kudanganya umri. Baada ya hapo vilabu vya usiku, kwa Texas Guinan, mama aliyekuwa anaongoza shoo za vilabu hivyo, enzi zile pombe imepigwa marufuku Marekani na watu wanainywa kwa kujificha. Yaani mnayemwita mshamba alishakula miaka kama kumi ya kazi kabla studio ya Warner Bros. haijampa hiyo nafasi ya kuigiza ushamba. Kama mtu ameigiza ugeni mpaka mmeamini, hiyo mmpe maksi, sio mmkate.

2. Suala la mume. Ndio, aliolewa na mwimbaji Al Jolson 1928, na Jolson wakati huo alikuwa jina zito kweli kweli, sitawadanganya kwamba haikusaidia. Ila muvi waliyocheza wote wawili kama mastaa ni moja tu, Go Into Your Dance ya 1935. Na kule juu ya paa la taksi mwisho wa 42nd Street alipanda mwenyewe. Tuendelee.

3. MSIZIME SAUTI. Hii naiandika kwa herufi kubwa kwa sababu inaniuma binafsi.

Niliwahi kusimama mbele ya darasa la madansa wapya na klipu ya ile ile dansi ya taksi, nikaona huu muziki wa 1933 vijana watasinzia, nikazima sauti nikaweka singeli kwa chini ili pachangamke. Pakachangamka kweli. Nikaanza kuchambua: mnaona kichwa kimeinama, anaangalia miguu, hajiamini, mnaona mikono inavyorukaruka haina kazi, mnaona mwili umeelemea mbele, na darasa linacheka, na mimi kicheko kile kikaniingia kichwani nikaanza na kumwigiza kabisa, nikatembea jukwaa zima nimeinamisha shingo. Nyuma kabisa alikuwa amekaa mzee mmoja mpiga ngoma, anatupigiaga kwenye mazoezi, mtu wa maneno machache. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, huyo binti anapiga nini?" Nikamwambia anacheza, mzee. Akasema, "Kucheza naona. Nimeuliza anapiga nini, maana umemzima."

Ukumbi ukanyamaza. Nikatoa singeli, nikarudisha sauti yake, na mzee akaanza kufuatisha kwa vidole kwenye meza. Akaniambia rudisha nyuma. Nikarudisha. Rudisha tena. Mwisho akasema yule hachezi juu ya mdundo, yule ndo anautoa mdundo, sasa asiangalie anapopiga? Mimi nikipiga naangalia ngozi, mbona hamnicheki. Darasa likacheka upya, safari hii mimi ndo nilikuwa nachekwa, na nilistahili, maana nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kutazama tapu kama dansi ya mabega. Kibaya zaidi wengine walishaandika kwenye madaftari yao, na mpaka leo nakutana na mtu ananiambia "mwalimu, yule dada wako asiyejiamini". Sio wangu, na anajiamini.

Sasa sikilizeni vizuri. Ruby alikulia kwenye mtindo unaoitwa buck, wa viatu vya soli ya mbao. Uzito unashushwa chini, mguu unagonga sakafu bapa, na utamu wote uko masikioni. Ukimpima kwa Eleanor Powell, dansa mwingine wa tapu, ambaye alikuja na vyuma vyake vya chini ya viatu na mizunguko yake ile na mgongo ulionyooka, lazima Ruby aonekane mzito, kwa sababu umempima kwa kitu ambacho hakuwa anakifanya. Kingine, studio za wakati ule zilikuwa na kawaida ya kurekodi milio ya viatu kando baada ya kupiga picha, kwa hiyo usije ukaapa kwamba kila mlio unaousikia ni wa siku ileile ya kamera. Na Ruby mwenyewe uzeeni alisema hakuwa dansa bora wa tapu duniani. Sawa, kasema yeye. Wewe bado.

4. Dick Powell, yule aliyeigiza na Ruby kwenye 42nd Street, na Eleanor Powell sio ndugu. Msiniulize tena.

5. Sio kila kitu ni Busby Berkeley, yule aliyepanga dansi za 42nd Street. Ile dansi ya kwenye taipureta kubwa ya Ready, Willing and Able, 1937, ni kazi ya Bobby Connolly. Kila mwaka kuna mtu anampa Berkeley. Berkeley alichokiweza ni kupanga watu. Hakusomea dansi, ujuzi wake wa kupanga mistari aliupata jeshini, kwenye gwaride, vita ya kwanza ya dunia. Kamera alikuwa anaipandisha juu kabisa karibu na dari, wacheza wanageuka maua. Ndo maana kwenye Dames, 1934, unakuta msururu wa wasichana wamebeba sura ya Ruby, sura yake kila mahali na dansi yenyewe hamna. Kwenye Gold Diggers of 1933 wanapiga picha wasichana wenye violini za taa za neoni, wamepangwa juu kwenye majukwaa marefu, na tarehe 10 Machi tetemeko la Long Beach likapiga. Taa zikazima, Berkeley nusura adondoke kutoka kwenye kreni ya kamera, akawa anawapigia kelele wasichana wakae chini hukohuko juu mpaka milango ifunguliwe mwanga uingie. Ukiwa unaandika "ilikuwa burudani ya kukimbia shida" kumbuka na hao. Mwezi huohuo benki za Marekani zilikuwa zimefungwa kwa amri ya Rais Roosevelt na 42nd Street ndo kwanza inaingia kumbini, karibu robo ya wafanyakazi hawana kazi, na stori yenyewe inahusu watu wanaogombania nafasi kwenye korasi. Shida wamezikimbia wapi hapo?

6. Angalieni na nani hayupo kwenye ile mistari. Tapu ina damu ya Waafrika wa Marekani na ya Waairishi, lakini mistari ya Berkeley ni weupe watupu. Jeni LeGon, dada mweusi, 1935 alicheza na Bill Robinson, gwiji mweusi wa tapu, kwenye muvi ya Hooray for Love mpaka unasimamisha klipu uone mguu umepita wapi. Studio ya MGM wakampa mkataba, halafu wakauvunja. Baada ya hapo sana sana akawa anapewa nafasi za mjakazi. Mkimaliza kumcheka Ruby kwa kuangalia miguu yake, nendeni mkamtafute Jeni.

7. Hakufa maskini. Sijui nani aliwaambia kila staa wa zamani lazima aishie vibaya. Aliachana na Jolson 1940, akaolewa tena 1941 na John Lowe, akaacha muvi akalea watoto. 1971 akarudi Broadway na No, No, Nanette, ameshafika miaka sitini, anagonga tapu watu wanasimama. Amefariki 1993, California.

Kazi ya wiki ijayo: anzeni 42nd Street, kisha Footlight Parade pale anapocheza na mwigizaji James Cagney juu ya kaunta ya baa, Cagney naye mguu anao. Ready, Willing and Able nendeni moja kwa moja kwenye taipureta, hadithi irukeni tu. Sweetheart of the Campus ya 1941 ndo ya kumalizia, alipoagia, siwakatazi kuiangalia ila msije kunidai muda wenu.