Je, Zachman ni 4-3-3 na TOGAF ni 4-4-2?

SWALI: Nimetakiwa kuwaeleza wakurugenzi wetu tofauti kati ya viunzi viwili vya usanifu wa taasisi (mchoro wa jinsi shughuli, taarifa na mifumo ya taasisi inavyoshikamana), yaani Zachman na TOGAF. Kwa kuwa wengi wao ni wapenzi wa soka, nilikusudia kuvifananisha na mifumo ya uchezaji: kimoja ni 4-3-3, kingine 4-4-2, nasi tuchague kinachotufaa. Mwenzangu anadai kwamba mfano huo utawapotosha. Je, ni kweli?
Mchambuzi wa mifumo

JIBU: Ni kweli, ingawa soka lenyewe halina kosa. Timu inayojipanga kwa 4-3-3 imeiacha 4-4-2 kwa wakati huo, ilhali Zachman na TOGAF hujibu maswali tofauti na vinaweza kutumika pamoja.

Kiunzi alichokichapisha John Zachman mwaka 1987, kisha akakipanua pamoja na John Sowa mwaka 1992, ni jedwali. Safu zake za wima ni maswali sita: nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini; safu za mlalo ni watu wanaoitazama taasisi kutoka nafasi mbalimbali. Chukua swali la "nani" katika mechi moja. Mmiliki wa klabu atakujibu kwa mikataba, kocha kwa majina ya wachezaji kumi na mmoja, na beki wa kushoto kwa winga anayepaswa kumkaba. Jibu la beki si jibu la mmiliki lililoongezwa maelezo, bali ni jibu jingine kabisa, na hapo ndipo wasomaji wengi wa jedwali hilo hujikwaa. Hata hivyo, jedwali halikuambii uanze kujaza kisanduku kipi.

Utaratibu wa kazi utaupata katika TOGAF, kiunzi cha The Open Group (muungano wa mashirika unaotunga viwango vya teknolojia) kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1995 kwa kutegemea kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kiini chake ni mzunguko wa hatua, unaofanana na matayarisho ya msimu: kocha hukubaliana na uongozi kuhusu lengo, huchunguza kikosi alicho nacho, hueleza kikosi anachokitaka, hupima pengo lililopo, kisha hupanga usajili. Kwa kuwa dirisha moja halitoshi, hulazimika kubuni pia kikosi cha mpito kitakachocheza wakati kile kamili kikisubiriwa.

Hiyo 4-3-3 yako, basi, ni usanifu wenyewe, yaani kitu kinachochorwa ndani ya jedwali la Zachman na kufikiwa kwa mzunguko wa TOGAF.

Tahadhari moja tu: usimwite msanifu kocha mbele ya wakurugenzi. Kocha huamua nani acheze, lakini msanifu hana uwezo wa kumweka mkurugenzi benchi. Yuko karibu zaidi na mchambuzi wa mechi katika benchi la ufundi, ambaye huchora na kushauri, kisha uamuzi hufanywa na mwingine.