Matembele ya maua Dodoma: yapi yanahimili, yapi yanataka kubembelezwa

Ukiingia mtandaoni kutafuta namna ya kutunza matembele ya maua, yaani vile viazi vitamu vinavyopandwa kwa ajili ya urembo wa majani tu, maelezo mengi utakayokuta yameandikwa na watu wanaohangaika na barafu. Wanakwambia chimbua viazi kabla baridi haijaingia, hifadhi ndani mpaka majira yageuke. Sasa sisi huku barafu tunaiona kwenye friji. Dodoma kinachomaliza haya maua ni kile kiangazi kirefu cha kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 11 huko, na upepo wa katikati ya mwaka usio na huruma, na maji ya kisima yenye chumvi. Ndo maana mi mtu akiniuliza achukue rangi gani namuuliza kwanza anataka kupanda wapi, pale panapigwa jua la saa ngapi, na maji anatoa wapi. Rangi baadae.

Lile la rangi ya ndimu, linaloitwa Margarita, ndo linalohimili kuliko yote niliyowahi kufuga. Likipata jua la kutosha linaelekea njano kabisa, likikaa kivulini linarudi kijani cha kawaida, uzuri unapungua lakini halifi. Linatambaa balaa, shina moja likishakolea samadi linaenda mita moja na zaidi kila upande, kwahiyo usiliweke chungu kimoja na maua mapole ukategemea yataishi kwa amani, litayapanda juu yote. Mi nalipanda chini ardhini kando ya ukuta, naacha kama nusu mita kati ya mche na mche, baada ya muda pale chini huoni udongo tena. Na aliyekaa Dodoma anajua kufunika udongo maana yake nini, unafagia asubuhi mchana vumbi limesharudi mpaka kwenye makochi.

Meusi yako ya aina mbili ambazo watu huwa wanazichanganya. Kuna Blackie, jani lake limegawanyika vidole vidole, na kuna Ace of Spades, hilo jani lake ni zima, umbo la moyo. Yote yanataka jua ndo weusi ukolee, ukiyaweka chini ya mwarobaini yanakuwa na rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijani, hayaeleweki. Lakini jua lenyewe liwe la asubuhi mpaka saa 7 au 8 mchana hivi. Ukuta wa tofali za saruji unaotazama magharibi sikushauri kabisa, ule unachemka mpaka usiku na jani jeusi linanyonya joto, utakuta kingo zimekauka kabisa wakati udongo wa chini una maji. Kwenye upepo naona Blackie anavumilia zaidi, hao wa majani ya moyo yanachanika pembeni yanakuwa kama yametafunwa.

Halafu kuna lile la rangi tatu, kijani na nyeupe na pinki, Tricolor, wengine wanaliita Pink Frost. Hili ndo linalowatoa watu hela kule kwenye vitalu vya barabarani na ndo linaloongoza kwa kuwafia. Sio kwamba umekosea kitu, ndo lilivyo. Sehemu nyeupe ya jani haina ile kijani ya kutengenezea chakula, kwahiyo mmea unakula nusu shibe, unakua taratibu, na jua kali linaiunguza hiyo nyeupe ikawa kahawia. Liweke barazani lipate jua la asubuhi basi, kwenye chungu, mbali na upepo. Likitoa tawi la kijani tupu likate mapema, lile lina nguvu kuliko wenzake, ukiliachia litatawala mmea mzima na rangi zako utazisahau.

Kama unakaa nyumba ya kupanga au huna uwanja, omba upate zile za Sweet Caroline. Zilitengenezwa chuo kikuu cha North Carolina State huko Marekani, zipo za kijani mpauko, zambarau, shaba na nyekundunyekundu, na sifa yake zimejikusanya hazitambai ovyo, chungu kidogo kinazitosha. Shida ni kuzipata tu, wauza miche wengi hawauzi kwa jina, atakwambia "hili jeusi, hili la njano" basi, kwahiyo angalia umbo la jani na umbali kati ya pingili na pingili, yaani pale jani linapotokea kwenye shina. Pingili zikiwa karibukaribu ujue hiyo haitambai sana.

Kuzalisha ndo sehemu tamu, kwasababu hela unatoa mara moja tu. Chukua ncha ya tawi lililokomaa kiasi, sio laini sana na sio lile limekuwa gumu kama kamba, liwe na pingili nne au tano. Kata chini kidogo ya pingili, toa majani ya chini yote bakiza mawili matatu ya juu, tumbukiza kwenye glasi ya maji dirishani. Siku chache tu utaona kwenye zile pingili vinatoka vinundu vyeupe, ndo mizizi hiyo. Badilisha maji yasianze kunuka. Mizizi ikifika urefu wa kidole peleka kwenye udongo, usisubiri ijisokote kwenye glasi, ile ya majini ikizidi kurefuka inakatika ukipandikiza. Wakati wa mvua hata glasi huhitaji, chomeka tu ardhini pingili mbili zizame, yatashika.

Udongo, ule mwekundu wa huku wenye mchanga unafaa, changanya na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Ule mweusi wa mbugani achana nao, ukilowa unashika maji mizizi inaoza, ukikauka unapasuka. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha kabisa.

Maji sasa. Kisima cha chumvi kitakuonyesha majibu kwenye kingo za majani, zinaanza kukauka kuzunguka jani lote na juu ya udongo kunakuwa na ukoko mweupe. Kama huna maji mengine basi ukimwagilia mwaga mengi mpaka yatoke chini yasukume ile chumvi, usiwe unanyunyizia kidogokidogo kila siku. Na mchana ukiyakuta yamelegea usikimbilie ndoo, chomeka kidole kwanza, udongo ukiwa na unyevu yaache, jioni yanasimama yenyewe.

Ila kiangazi usijipe kazi ya kumwagilia bustani nzima kama bili inakuuma. Mi naweka vyungu vya mama, yaani vya mimea ya kukatia vipando baadae, kimoja kila aina, nakata matawi yabaki mafupi, nasogeza kivulini upande usio na upepo. Mwezi wa 6 na wa 7 na ile baridi ya usiku yanasimama tu hayakui, hapo punguza maji na samadi usiongeze. Mwezi wa 11 naanza kukata vipando, mvua ya Desemba ikishuka natoa miche ya uwanja mzima kutoka kwenye hivyo vyungu.

Wadudu ni walewale wa viazi vya kula. Inzi weupe wanakaa chini ya jani na ndo wanaosambaza virusi, kwahiyo kipando chenye majani madogo yaliyojikunja usikubali hata ukipewa bure, na kwenye rangi tatu angalia kwa makini zaidi maana mabaka ya ugonjwa yanajificha kwenye madoadoa yake. Fukusi anaingilia kwenye nyufa za udongo kufuata viazi, fukia nyufa. Kiwavi mkubwa mwenye pembe mkiani unamtoa kwa mkono tu. Mbuzi wa jirani hana dawa, jenga uzio.

Kuhusu kula, shemeji yangu mmoja wa Gairo, kwao viazi ndo vyenyewe, kila akija lazima aulize, "Shem, haya mnapika lini?" Kuliwa yanaliwa, ni kiazi kitamu kilekile, ila vile viazi vya chini havina utamu, vingine vina uchungu, na majani yake hayafikii matembele ya sokoni. Ukitaka kuonja usichume yale uliyonunua juzi kitaluni, wanapulizia dawa pale. Subiri machipukizi ya vipando ulivyootesha mwenyewe, na mwambie na dada wa nyumbani, maana ukisafiri unaweza ukarudi ukakuta Margarita yote imeshaungwa na karanga.