Jibu: Tangazo la kulipia au nirekodi tu na simu, kipindi hiki cha kipindupindu?

Mkuu umesema unauza juisi fresh, mtaani kwenu kimeingia kipindupindu na wateja wamekata, sasa unauliza ulipie tangazo la maana au urekodi na simu maana siku hizi watu wanapenda "uhalisia". Ngoja nikwambie yaliyonikuta 2020.

Nilikuwa napeleka msosi wa mchana maofisini hapa Dar. Tarehe 16 Machi ikatangazwa kesi ya kwanza ya korona, kesho yake shule zikafungwa, ndani ya wiki mbili nikatoka sahani 60 nikabaki na 14. Nikapaniki nikampa dogo mmoja elfu 40 anitengenezee posta, familia inacheka mezani, chini imeandikwa "Tuko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu". Aisee hata simu moja haikulia. Na siku zile kila mtu alikuwa pamoja nasi, benki iko pamoja nasi, king'amuzi kiko pamoja nasi, mpaka godoro liko pamoja nasi 😂

Sasa siku moja bi mkubwa anayenisaidia jikoni alikuwa anazozana na kijana wa bodaboda, hugusi hotpoti mpaka unawe, dogo anabisha eti kanawa kwao, mi nikarekodi kwa kucheka tu nikatupia status. Ndoo ya koki inaonekana, ukuta umebanduka rangi, kila kitu. Jioni simu sita, na karibu wote wanauliza "yule mama yupo kila siku?" Bei hakuna aliyeulizia.

Mtu mwenye hofu bwana anakagua tangazo kama bwana afya, anatafuta kitu cha kushika. Kenya Machi hiyohiyo Safaricom waliondoa makato ya M-Pesa kwa kutuma mpaka shilingi 1,000, pale huhitaji muziki wa huzuni, mtu anatuma mia tano anaona mwenyewe kwenye meseji hajakatwa.

Ila nikaja kuharibu mwenyewe. Nikanogewa, nikaenda kurekodi jikoni kwa shemeji maana kwake kuna tailizi nyeupe zinang'aa. Mteja mmoja aliyezoea kuja kuchukua mwenyewe akaniandikia, "kaka, tailizi umeweka lini?" Nikafuta fasta lakini skrinshoti ilishaingia grupu la ofisi yao, oda nane zikaenda hivyo hivyo. Na ule ukuta wa kubanduka hakuna aliyewahi kuusema!

Kwa hiyo simu inatosha mkuu, shida ni utarekodi nini. Maji unachemsha au unatia dawa? Matunda unaoshea maji gani? Na barafu, maana mnywa juisi mwenye wasiwasi ataanza na barafu. Kama bado unachukua ile ya kule wanakohifadhia samaki usirekodi chochote kwanza, uza bila barafu wiki hii, halafu hicho ndo urekodi.