Wasomaji Wanauliza: Kabla Hujashuka Ndani ya Tanki

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni kibarua katika kiwanda kinachohifadhi molasi kwenye matangi makubwa ya chuma. Kila msimu unapokwisha tunashushwa kwa ngazi tukwangue mabaki yaliyoganda chini. Mwaka huu mwenzetu alipofika chini tu alilegea, akaanguka. Wa pili, ambaye tulimfunga kamba kifuani, alimfuata, naye akazimia. Huyo tulimvuta juu. Wa kwanza alitolewa baada ya mafundi kufungua mlango wa chini wa tanki. Namshukuru Mungu wote wawili walizinduka. Sasa msimamizi ametugawia barakoa, na anasema atateremsha kibatari kwanza: kikiendelea kuwaka, hewa ni nzuri. Je, hilo linatosha? Na nikikataa kuingia, naweza kufukuzwa?
Msomaji, Morogoro (jina tumelihifadhi)

JIBU: Ndugu yangu, halitoshi hata kidogo, na nakuomba usishuke kwa masharti hayo.

Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni karibu asilimia 20.9. Mabaki ya molasi yakipata maji na joto huchacha, na katika kuchacha hutoa hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida; kwa hiyo hutuama chini ya tanki kama maji ndani ya ndoo na kuisukuma oksijeni juu. Kutu inayokula kuta za chuma nayo hutumia oksijeni ile ile. Oksijeni ikipungua chini ya asilimia 19.5, mahali hapo huhesabiwa kuwa si salama kwa mtu asiye na hewa yake mwenyewe. Ikifika karibu asilimia 16 mtu huhema haraka na akili yake huanza kukosea. Ikiwa chini ya 10, huzimia, wakati mwingine bila dalili yoyote ya kumwonya. Ndiyo maana mwenzenu hakupiga kelele.

Barakoa ya kitambaa au ya karatasi huzuia vumbi. Hata ile yenye kichujio cha gesi husafisha hewa iliyopo tu, haiongezi oksijeni pale isipokuwepo. Kibatari nacho kinadanganya, kwa sababu mwali huweza kuendelea kuwaka wakati oksijeni imekwisha kushuka chini ya kiwango salama, na hauwezi kukuonyesha gesi ya sumu. Isitoshe, molasi inayochacha hutoa mvuke wa pombe, na kuteremsha moto ndani ya mvuke wa namna hiyo ni kuita mlipuko.

Kinachotakiwa ni kifaa cha kupima gesi, kinachoteremshwa kwa kamba au bomba mtu akiwa bado nje, kwenye tabaka la juu, la kati na la chini. Hupimwa kwanza oksijeni, kisha mvuke unaoweza kuwaka, kisha gesi za sumu. Msikubali kuambiwa kwamba pua inatosha: haidrojeni salfaidi, inayopatikana sana kwenye mashimo ya maji taka ya viwanda, hunuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikifika karibu sehemu 100 katika milioni huua uwezo wa kunusa, nawe hudhani imeondoka.

Umenigusa unaposema mlango wa chini ulifunguliwa baada ya watu wawili kuanguka, maana mlango huo ulipaswa kufunguliwa mapema, pamoja na wa juu, na feni ikapuliza hewa safi kabla na muda wote wa kazi. Vali zote zinazoingiza kitu ndani ya tanki zinapaswa kufungwa na kutiwa kufuli, na ufunguo awe nao yule anayeingia. Pawepo kibali cha maandishi cha siku hiyo, kinachotaja vipimo vilivyosomwa na majina ya walioingia, na pawepo mtu wa kusimama mlangoni asiyepewa kazi nyingine yoyote. Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima uliounganishwa na kapi juu, ili avutwe bila mtu mwingine kuingia. Kamba ya kifuani ndiyo iliyomwokoa yule wa pili, ingawa kamba tupu si kifaa cha kutegemea.

Narudia kuhusu huyo wa pili, kwa sababu ndipo msiba huwa mkubwa. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kuwa zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo yaliyofungwa walikuwa wameingia kuwaokoa wengine. Najua ilivyo vigumu kusimama juu ukimwona mwenzako amelala chini. Lakini asiye na mtungi wa hewa ya kuvuta asishuke. Avute kapi, apulize hewa safi, aite waokoaji.

Kuhusu kufukuzwa: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inambebesha mwajiri wa Tanzania Bara wajibu wa kulinda wafanyakazi wake, na msimamizi wa sheria hiyo ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 37, inasema si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi kwamba alikataa kufanya jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kumtaka alifanye. Mweleze msimamizi kwa maandishi kwa nini huingii, na kwamba uko tayari kwa kazi nyingine, bakiza nakala. Mkishindwana, pelekeni taarifa OSHA. Ukiachishwa, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

SWALI: Nina karakana ya kuchomelea. Tukiwa ndani ya tanki na hewa ikawa nzito, vijana hufungulia kidogo mtungi wa oksijeni wapate kupumua. Kuna ubaya?
Mwenye karakana, Mwanza

JIBU: Upo, na mkubwa, acheni leo. Oksijeni ikizidi asilimia 23.5 nguo, nywele na grisi hushika moto kwa cheche moja, na moto huo huenda kasi kuliko mtu anavyoweza kupanda ngazi. Nguo hubaki zimelowa oksijeni hata baada ya kutoka, kwa hiyo asiwashe sigara. Tumieni feni yenye bomba la hewa safi ya nje, na mitungi pamoja na mipira yake itolewe tankini wakati wa mapumziko, kwani mpira unaovuja kimyakimya hufanya madhara yale yale.

SWALI: Kaka yangu aliumia kiwandani miezi minne iliyopita na mwajiri hajatoa taarifa popote. Je, amechelewa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hajachelewa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusu waajiri wa umma na wa binafsi Tanzania Bara, na ajali inapaswa kuripotiwa ndani ya miezi 12. Mwajiri alitakiwa kuutaarifu ndani ya siku 7, lakini ukimya wake haumfungi kaka yako mlango. Aende mwenyewe ofisi ya Mfuko akiwa na vyeti vya hospitali, kitambulisho na chochote kinachoonyesha kuwa aliajiriwa hapo, hata karatasi ya malipo ya wiki.